Njia ya wazee si shamba la bure



Mwezi wa tisa unakaribia. Majembe yananolewa, mbegu zinatafutwa, na kila mtu anapiga hesabu ya ukubwa wa shamba atakalolima katika msimu A. Ndani ya hesabu hiyo kuna kipande kimoja cha udongo ambacho wengi wetu tunakitazama kwa tamaa. Ni ile njia ya zamani inayoshuka kutoka mlimani, imezama katikati ya mashamba kama mfereji mkubwa, majani yameota ndani, na wapitaji ni wachache. Mtu anajisemea: "Hii njia haina mwenyewe. Nitaifukia kidogo kidogo, nitaongeza mistari mitatu ya muhogo."

Maoni yangu ni mafupi: tusiifukie. Njia hiyo bado iko na kazi. Inapitisha watu, inapitisha ng'ombe, inapitisha maji. Ukiifunga, hao watatu hawatabaki nyumbani. Watapita ndani ya shamba lako, au ndani ya shamba la jirani, na hapo ndipo maneno yanaanzia.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo. Kwenye kilima chetu, kusini ya Uvira, kipande cha njia ya wazee kinapita juu ya shamba langu. Mwaka mmoja nilikijaza udongo na mawe, nikapanda muhogo juu yake. Mzee mmoja alipita akasimama, akaangalia, akaniambia: "Mwanangu, unafunga mlango, lakini mgeni atakuja tu." Nilimcheka kimoyomoyo. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipofika, maji yaliyokuwa yanashuka ndani ya njia yalikuta ukuta wangu, yakageuka kushoto, yakapasua shamba la maharagi la jirani yangu. Udongo mweusi, ule mzuri, ulikwenda wote. Mihogo yangu iliota vizuri, lakini mavuno yake hayakutosha kulipa maharagi ya yule mama. Tulimaliza neno hili mbele ya chef wa kijiji, na mpaka leo ninapomsalimia nasikia haya.

Sasa tuangalie hizi njia ni kitu gani, juu ya nini zimezama, na kwa nini zinatuhusu sisi wakulima.

Njia inazama namna gani

Hakuna mtu aliyechimba njia hizi. Zilichimbwa na miguu, kwato na mvua. Watu na ng'ombe wakipita mahali pamoja kila siku, majani yanakufa na udongo unakazwa. Udongo uliokazwa haunywi maji vizuri. Mvua ikinyesha, maji yanafuata mstari ule ule, yanabeba udongo uliolegezwa na kwato, na njia inashuka kidogo. Mwaka unaofuata inashuka tena. Baada ya maisha ya mtu mmoja, njia iko chini kwa goti. Baada ya vizazi vingi, mtu anaweza kutembea ndani yake na aliye shambani asione kichwa chake.

Jambo hili haliko kwetu tu. Katika kijiji cha Selborne, Uingereza, padri Gilbert White aliandika katika kitabu chake cha 1789 kwamba njia za pale zilikuwa zimezama futi 16 mpaka 18 chini ya mashamba, yaani karibu mita 5. Sababu aliyoitoa ni hiyo hiyo: miguu na magari ya zamani pamoja na maji.

Kwetu kazi hiyo inakwenda haraka, maana mteremko ni mkali. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari, na vilele vya Itombwe vinapita mita 3000. Mtu anayetoka sokoni Uvira kupanda Hauts Plateaux anapanda ukuta. Maji yanayotoka kule juu yanashuka ukuta huo huo.

Namna ya kuitambua

Njia iliyoachwa inaweza kujificha ndani ya majani, lakini inaacha alama. Hizi ndizo za kuangalia:

Ya kwanza, mifereji miwili au mitatu inayokwenda pamoja kwenye mteremko mmoja, kama vidole vya mkono. Njia moja ikijaa matope au ikizama sana, watu walihama kando na kuanzisha nyingine. Ukiona mifereji hiyo, usidhani ni mito midogo. Ni njia.

Ya pili, mstari wa majani mabichi wakati wa kiangazi. Mfereji wa zamani unashika unyevu kuliko udongo wa pembeni. Mwezi wa saba, simama upande wa pili wa bonde asubuhi, jua likiwa chini bado, na utaona mstari wote kama kamba imelazwa mlimani.

Ya tatu, mipaka ya mashamba inayopinda bila sababu. Mara nyingi babu aliweka mpaka kando ya njia. Njia imesahauliwa, mpaka umebaki.

Ya ine, miti mikubwa iliyojipanga. Ukikuta mivumu ya zamani au maembe makubwa mahali ambapo hakuna nyumba, uliza. Pengine palikuwa kijiji, soko, au mahali pa kupumzikia mizigo. Upande wa pili wa ziwa, kule Ujiji, maembe ya zamani bado yanaonyesha mahali ilipopita njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, pwani ya bahari.

Ni nani alipita hapa

Wengi wanafikiri historia ya barabara kwetu inaanza na RN5, au na gari la kwanza la Wabelgiji. Sivyo. Mwezi wa ine 1858, Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walitaka kujua kama Ruzizi inatoka ziwani au inaingia ziwani, na watu wa hapa wakawajibu kwamba inaingia. Katika maandishi yake Burton alieleza Uvira kama mwisho wa safari za wafanyabiashara upande wa kaskazini, mahali pa kununua pembe za ndovu na watumwa.

Tufikiri kidogo. Pembe hizo hazikuota ufukweni. Zilishuka kutoka mlimani na msituni juu ya mabega ya watu, kwa njia za miguu. Na kati ya walioshuka kwa njia hizo, wengine walikuwa wamefungwa kamba na hawakupanda tena. Njia zetu zinabeba pia huzuni hiyo, na si vizuri kuisahau.

Lakini kabla ya misafara, na baada yake, njia zilibeba maisha ya kila siku. Ndagala na mikeke zilipanda mlimani; maharagi, viazi na siagi vilishuka. Bibi arusi alipita humo, mgonjwa alibebwa humo kwenye kipoyi, ng'ombe wa mahari waliswagwa humo. Hata Kiswahili hiki ninachoandika kilifika kwetu kwa mitumbwi na kwa miguu. Wakati wa ukoloni, serikali ilisukuma vijiji vingi visogee kando ya barabara ya gari, ili kodi na watu wa kazi wapatikane kwa urahisi. Njia za juu zikapungukiwa na miguu. Hapo ndipo tulianza kuziona kama mashamba ya bure.

Na katika miaka ya vita, barabara ya gari ilipofungwa, ni njia zile zile zilizookoa watu. Kila familia hapa inajua maneno hayo, sina haja ya kuyaongeza.

Maji hayasahau

Nirudi kwenye maji, maana ndiyo yanayotuua.

Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu ya hektari moja, inaleta lita 300,000 za maji. Hizo ni mapipa 1,500 ya lita 200. Si yote yanayotiririka. Mengine yananywewa na udongo. Lakini mlimani, pale miti imekatwa na mteremko ni mkali, sehemu kubwa inashuka. Na mlima hauna hektari moja.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 mwezi wa ine 2020, Mulongwe ilifurika Uvira. Watu makumi walipoteza maisha, nyumba kwa maelfu ziliharibika, na wengi walikaa miezi na miezi kwenye makambi. Sisemi kwamba njia za zamani ndizo zilizoleta mafuriko yale. Mvua ilikuwa kubwa sana, na nyumba nyingi zilikuwa zimejengwa karibu na mto. Lakini mto ni jumla ya vijito, na kijito ni jumla ya mifereji. Kila njia iliyozama mlimani ni mfereji mmoja. Ikitunzwa, inagawanya maji na kuyapunguza mbio. Ikifungwa vibaya, maji yanaipasua kwa nguvu na kuigeuza ravini, wengine wanaiita korongo. Ikiachwa wazi bila kutunzwa, inakuwa ravini pia, pole pole. Kwa hiyo kuacha tu hakutoshi. Inatakiwa kuitunza.

Ng'ombe nao

Neno la pili ni ng'ombe. Kiangazi kikikaza, wafugaji wanashusha mifugo kutafuta majani na maji, upande wa bonde la Ruzizi na upande wa Fizi. Wanafuata njia ambazo baba zao walifuata. Wakifika na kukuta njia imelimwa, wanafanya nini? Ng'ombe hasomi bango. Anapita katikati ya muhogo. Mkulima anakamata ng'ombe, mfugaji anakuja na hasira, na tunajua sote mahali maneno hayo yanaweza kufika katika nchi yetu.

Mimi ni mkulima, na ninajua uchungu wa kuamka asubuhi na kukuta shamba limekuwa uwanja. Mfugaji anayepitisha ng'ombe katika shamba la watu makusudi, alipe. Lakini nasi tujiulize kwa haki: pale alipopita, palikuwa shamba tangu zamani, au palikuwa njia mpaka mwaka juzi?

Wazee walikuwa na utaratibu. Upande wa Fizi, watu wanajua neno itulo: kitu ambacho mfugaji anampa chef wa kimila ili apewe ruhusa ya kulisha mifugo kwenye eneo lake. Itulo imeleta mabishano pia, hasa watu wengi wanapojitokeza kuidai, au mkulima aliyeharibiwa shamba asipoona faida yake. Lakini msingi wake ulikuwa mzuri: mgeni anajulikana, na wakubwa wa pande zote mbili wanaongea kabla ya kwato kufika. Bila njia inayojulikana, mazungumzo hayo hayana pa kusimama.

Hata mbali na sisi, wakulima waliliona hili. Katika milima ya Mpumalanga, Afrika ya Kusini, kuna mabaki ya nchi iliyoitwa Bokoni, ambako watu walilima kwenye matuta ya mawe tangu karibu 1500 mpaka mwanzo wa karne ya 19. Kati ya mashamba yao walijenga njia za ng'ombe zenye kuta za mawe pande zote mbili, kutoka zizini mpaka malishoni. Ng'ombe alipita katikati ya mazao bila kugusa jani. Watu wale walikuwa wakulima na wafugaji pamoja, na walikubali kutoa sehemu ya shamba ili sehemu iliyobaki ipone.

"Lakini ardhi haitutoshi"

Najua mtaniambia hivyo. Ni kweli, haitutoshi. Familia inalima vipande vidogo, watoto wanaongezeka, na ziwa limepanda miaka hii na kumeza mashamba na nyumba za ufukweni. Mtu mwenye njaa ukimwambia aache mita tatu, anaona unamtania.

Tupige hesabu basi. Njia ya upana wa mita 3 na urefu wa kilomita moja ni ari 30. Lakini hakuna mtu mmoja mwenye kilomita nzima. Shamba linalogusana na njia kwa mita 50 linapoteza ari moja na nusu. Hiyo ndiyo bei. Upande wa pili wa mizani weka shamba lote lililo chini, ambalo ravini ikifunguka litapasuka katikati. Weka mavuno ya jirani. Weka siku za kukaa mbele ya chef, na makuta yanayokwenda huko. Mimi nililipa bei hiyo, ndiyo maana naijua.

Tena ari moja na nusu hiyo haipotei yote. Kingo za njia zinaweza kupandwa majani ya kushika udongo, kama tripsacum, setaria au vetiva. Tripsacum na setaria ni chakula cha mbuzi na ng'ombe, vetiva inaezeka nyumba. Unachopoteza katika muhogo unakipata katika lishe.

Wengine watasema: "Njia nyingine zimekufa kabisa. Hakuna mtu, hakuna ng'ombe, hakuna maji. Hizo nazo tuziache?" Hapana. Hapo ninakubaliana nao. Njia ambayo wazee wote wanashuhudia kwamba imekufa, na ambayo haipitishi maji wakati wa mvua kubwa, inaweza kulimwa. Ila mtu mmoja asikate neno peke yake, usiku, na jembe lake. Kijiji kikate neno, mchana.

Tufanye nini kabla ya mvua

Napendekeza mambo matano, na yote tunaweza kuyafanya bila kungoja mradi.

Kwanza, kila kooperative ichague siku moja kabla ya kulima, itembee njia zake pamoja na wazee, akina mama, chef wa kijiji na wafugaji. Akina mama wasisahauliwe: ndio wanaobeba mizigo, na wanazijua njia kuliko wanaume wengi. Mwenye simu apige picha, mwenye daftari achore.

Pili, tuweke alama: mawe makubwa, au miti kama grevillea kila hatua 50, pande zote mbili. Alama iwekwe mbele ya majirani, si kwa siri.

Tatu, tukate mifereji midogo ya kutoa maji ndani ya njia, iliyolala kwa mshazari, kila hatua 15 pale penye mteremko mkali, na mbali zaidi pale palipo tambarare. Maji yaelekezwe kwenye majani au kwenye shimo la kuyanywa, kamwe yasielekezwe katika shamba la mtu. Pale ambapo njia imeanza kupasuka, tupange vizuizi vya mawe au vijiti, vifupi, kimoja nyuma ya kingine. Kizuizi kirefu kimoja kinabomoka. Vifupi vingi vinashika udongo.

Ine, kazi hii iingie katika salongo ya kijiji. Kwenye barabara za gari tunazo CLER zinazofyeka na kuziba mashimo. Njia ya miguu haina kamati, ingawa muhogo wetu mwingi unafika barabarani kwa mgongo wa mtu. Siku mbili kwa mwaka zinatosha: moja kabla ya mvua, moja katikati.

Tano, tuliandike. Sheria ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Mkulima na chef wanao haki ya kuutumia. Hakuna kati yetu anayeweza kusema njia ya watu wote ni yake, na hakuna anayeweza kuiuza. Lakini neno lisiloandikwa linakufa na mzee aliyelijua. Tuandike katika kanuni za kooperative kwamba mwanamemba hatafunga njia, na nakala ya mchoro ibaki kwa chef. Na tarehe za kupitisha ng'ombe zikubaliwe na kuandikwa hapo hapo, kabla ya kiangazi, wakati moyo umetulia.

Mzee yule aliyeniambia juu ya mlango na mgeni bado yuko. Mwaka jana tuliifungua tena njia yetu, watu kumi na wawili, siku mbili za jasho. Alikuja akakaa juu ya jiwe, akatuonyesha kwa fimbo mahali ilipopinda zamani. Sisi tulikuwa tunachimba mahali ambapo sipo. Bila yeye tungepeleka maji kwenye nyumba ya mtu. Mvua ilipokuja, maji yalishuka mahali pake, na jirani yangu alivuna maharagi yake yote.

Wazee wanaojua mahali njia inapinda wanapungua kila mwaka. Mkienda kwenye mkutano wa kooperative mwezi huu, ulizeni swali moja tu: katika kijiji chetu ni nani anazijua njia, na tunatembea naye siku gani?

Nawatakia msimu mwema na mvua ya kiasi.